Neno Jema Linauza. Je, Linamuuza Nani?

(Mazungumzo na vijana wa kikundi cha matangazo, Mbagala, wilaya ya Temeke)

Wa mbele mnanisikia. Wale wa mlangoni sogeeni kidogo ndani, jua bado kali na spika hatuna.

Mwenyekiti wenu aliponialika aliniambia mnataka mada ya "afya na ujasiriamali". Mada hiyo ni pana kama bahari, mtu anaweza kuongea mpaka magharibi bila kugusa lolote. Bahati nzuri dada katibu akanidokeza jambo lenyewe. Kikundi chenu kinatangaza biashara za watu. Mnachora mabango, mnapiga video fupi kwa simu, mnazisambaza kwenye WhatsApp. Wateja mlio nao ni mama lishe wawili, fundi makochi wa Keko, saluni moja ya Tandika na dada anayeuza unga wa uji. Sasa amekuja bwana mmoja na dili: laki tano kwa video kumi. Anauza virutubisho. Anataka kila video ianze na maneno ya kutia moyo, watu waalikwe kupimwa afya bure, kisha watokee watu wa kutoa ushuhuda kwamba wamepona. Nusu yenu mnasema tuchukue mshiko, nusu mnasema tumuulize kwanza mtu wa afya.

Basi mtu wa afya ndiye huyu. Tuongee hilo hilo.

Kwanza nimtetee kidogo yule bwana, maana kuna jambo analijua vizuri. Neno la kutia moyo linauza. Kutoa nako kunaleta wateja. Sisi watu wa pwani tunalijua hilo tangu enzi za bibi zetu. Chukueni kanga. Pale Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwepo mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, watu wakimwita Abdulla, na kanga zake zilibeba alama ya "Mali ya Abdulla". Inasimuliwa kwamba ni yeye aliyeanza kuweka maneno kwenye kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi tunazosoma leo. Hapa Dar es Salaam kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968, nacho kilichapa kanga zenye maneno. Muulizeni muuza kanga yeyote wa Kariakoo: kanga ya rangi nzuri lakini jina lake baya hukaa dukani. Mama anasoma jina kwanza. Akilipenda ananunua, anaikata doti, kipande kimoja anajifunga, cha pili anampa wifi yake au shoga yake. Yule aliyepewa anatoka nayo mtaani na watu wanasoma. Mwenye duka amepata mtangazaji, na hajamlipa hata senti tano. Amelipwa na neno, na amelipwa na zawadi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na kazi yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 matangazo mengi ya Ukimwi yalikuwa ya kutisha. Mafuvu, mifupa, majeneza. Kijana anaona bango, anageuza uso, anaendelea na safari zake. Mwaka 1993 shirika la PSI likaingiza nchini kondomu za Salama. Liangalieni jina lenyewe. Halikutaja kifo, halikutaja dhambi. Lilimwambia mtu kwamba anaweza kuwa salama, na kwamba uwezo huo anao yeye mwenyewe mfukoni. Na jambo wengi hawalifikirii: ziliuzwa. Ziliwekwa madukani, kwenye vioski, kwenye baa, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha chini anaimudu. Wafadhili walibeba sehemu kubwa ya gharama, mwenye duka akabakiwa na faida yake ndogo. Mnaona ujanja ulipo? Kitu cha bure dukani huishia chini ya kaunta, kwa sababu hakimlipi anayekiuza. Ukarimu ulikuwepo, lakini ulipangwa kiasi kwamba kila mtu kwenye mnyororo apate sababu ya kuendelea kesho.

Mwaka huo huo wa 1993 Radio Tanzania ikaanza mchezo wa Twende na Wakati. Wazazi wenu wanaukumbuka, waulizeni leo jioni. Alikuwemo dereva wa lori, Mkwaju, mwenye mpenzi kila kituo, na alikuwemo Tunu mkewe. Watu hawakuhubiriwa. Walipewa hadithi, tena bure, mara mbili kwa wiki, na ndani yake mkawa na uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Watafiti walikuwa na njia nzuri ya kupima kama umesaidia: eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo ule mpaka mwaka 1995, kwa hiyo waliweza kulinganisha. Mahali uliposikika, watu walioanza kutumia uzazi wa mpango waliongezeka, na wapo waliopunguza idadi ya wapenzi. Hiyo ni kazi ya matangazo, jamani. Ni kazi yenu nyinyi, ila wao walikuwa na studio na nyinyi mna simu iliyopasuka kioo.

Nimeeleza haya ili mjue sina ugomvi na maneno matamu. Ugomvi wangu uko kwingine.

Samaki naye hupewa chakula bure. Wale mliozaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hamkumbuki DECI, lakini nyumbani kwenu yupo anayekumbuka, na pengine hapendi kuulizwa. Makao yake yalikuwa Mabibo. Baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji, na lugha yao ilikuwa tamu kweli: hukuambiwa unatoa pesa, uliambiwa "unapanda mbegu", na baada ya muda "utavuna". Wa kwanza walivuna kweli. Wakatoa ushuhuda, na ushuhuda ule ukawa ndilo tangazo. Watu wakauza vitu, wakakopa, wakapanga foleni. Mwaka 2009 serikali ikaifunga, kwa sababu ulikuwa mchezo wa upatu: mavuno ya mtu wa mbele yalikuwa ni mbegu za mtu wa nyuma. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi.

Sasa weka kanga upande huu na DECI upande ule. Pande zote mbili kuna maneno ya kutia moyo, kuna kupeana. Tofauti ni nini? Mimi naiona hivi. Mama aliyepewa kanga, hata asiponunua nyingine maisha yake yote, ana kanga. Msikilizaji wa Twende na Wakati, hata asiponunua chochote, ameondoka na jambo la kumsaidia. Lakini aliyepewa matumaini na DECI, asipoleta mwingine wa kutoa, hana kitu. Zawadi ya kweli inabaki mkononi mwa aliyepewa. Zawadi ya ndoano ina kamba, na kamba imeshikwa na mtu.

Turudi kwa bwana wetu wa laki tano. Dada katibu amenionyesha karatasi ya maelezo yake, nami nimeisoma mara mbili.

Kuna hicho "kipimo cha bure". Ni kifaa unachoshika mkononi, kimeunganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja kinatoa karatasi inayoeleza hali ya figo, ini, moyo na nguvu za kiume. Wenzangu, figo hazipimwi kwa kushika chuma. Zinapimwa kwa damu na mkojo. Sukari inapimwa kwa damu. Presha inapimwa kwa mkanda ule wa kufunga kwenye mkono, na hicho ni kipimo kinachoweza kufanyika hata chini ya mwembe kikaaminika. Kwa hiyo mtu atatoka Rangi Tatu akiwa mzima, atafika pale ataambiwa figo zimechoka, ataingiwa hofu, na dawa ya hofu yake ipo palepale juu ya meza kwa bei ya elfu themanini. Huo ni ukarimu? Mama anayeuza mihogo mibichi ataipata wapi elfu themanini? Ataitoa kwenye ada ya mtoto.

Ushuhuda ndio unaonitisha zaidi. Kwenye karatasi imeandikwa atapatikana mtu wa kusema ameacha dawa za presha, na mwingine wa kusema "ameacha vidonge vya kila siku". Nyote mnajua vidonge vya kila siku maana yake nini. ARV zinatolewa bure nchini tangu mwaka 2004, na mtu anayezimeza vizuri anaishi, anafanya kazi, anazaa mtoto asiye na virusi. Akiziacha, virusi vinarudi juu, na vinaweza kujenga usugu hata dawa ile isimfae tena. Mnakumbuka kikombe cha Loliondo, mwaka 2011? Bei ilikuwa shilingi 500 tu. Walikuwepo waliorudi kutoka Samunge wakaacha dozi kwa sababu ya ushuhuda wa watu wengine. Wapo ambao hawakupata nafasi ya kutoa ushuhuda wa pili.

Na iko sheria pia. Dawa haitangazwi kwa umma bila kibali cha TMDA. Yule bwana akikwama, jina litakaloonekana kwenye video ni la kikundi chenu, na sura ni za kwenu. Yeye atahamia Tandale au Manzese na kikundi kingine. Nyinyi mtabaki hapa Mbagala mkipishana kila siku na watu mliowauzia.

Mimi nasema msiichukue ile laki tano. Najua ni rahisi kusema kwa mtu mwenye mshahara, hata kama mshahara wenyewe ni wa mradi na mradi una mwisho wake. Kwa hiyo siwezi kuwaambia mwacheni halafu nikapanda daladala nikaenda zangu.

Tumwangalie huyu dada wa unga wa uji, ambaye mmekuwa mkimtangaza kwa picha ya mfuko na namba ya simu. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafariki kwa sababu ya sumukuvu kwenye mahindi. Sumu hiyo hutokana na ukungu, inapenda mahindi na karanga, na kuipika hakuiondoi. Akina mama wengi wa hapa husaga wenyewe unga wa lishe: mahindi, karanga, soya, kila kitu kwenye ndoo moja, wakiamini kadiri mchanganyiko unavyozidi ndivyo mtoto anavyonenepa. Kumbe punje chache za karanga zilizooza zinaharibu ndoo nzima.

Dada huyu analijua hilo. Nimemkuta anachambua karanga moja moja kwenye ungo. Anatupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, anaanika juu ya turubai na siyo chini kwenye vumbi. Hapo ndipo video yenu ilipo! Dakika moja na nusu. Mikono yake, ungo, sauti yake akieleza. Mfundisheni kila mama kuchambua mwenyewe nyumbani, bila kuficha kitu, kana kwamba hamna unga wa kuuza. Mwisho kabisa jina lake na mahali alipo, basi.

Najua mtaniuliza: tukishawafundisha, nani atanunua? Wapo watakaochambua wenyewe, na watoto wao watakunywa uji salama, hilo tu linatosha kuwa jambo. Lakini kuchambua karanga ni kazi ya mgongo. Mama aliyeona kazi ile, na ambaye anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Ferry kununua samaki, atajua ni kwa nini unga wa huyu dada umezidi mia tano kuliko wa jirani. Na atamwamini, kwa kuwa alimwambia ukweli kabla ya kumwomba hela. Ila mumwambie pia akaulize TBS kuhusu unga wake, na SIDO wampe mafunzo. Msitangaze chakula ambacho hamjui kimepita wapi.

Kutoa nako kuna hesabu. Salama walikuwa na wafadhili, nyinyi hamna. Msigawe mtaji. Gaweni mnachokijua, na muda mnaoumudu. Mteja mpya mfanyieni video moja bure, si tano. Ikimletea watu, ya pili alipe. Wateja 12 wakilipa elfu 30 kila mwezi ni laki tatu na sitini elfu, na mwezi ujao zinakuja tena. Laki tano ya yule bwana inakuja mara moja.

Fundi wa Keko naye ana la kufundisha: namna ya kujua mbao iliyoliwa na mchwa kabla hujainunua. Saluni ya Tandika inaweza kuonyesha jinsi ya kusafisha mashine ya kunyolea kati ya mteja na mteja. Hiyo ya pili nitakuja kuisimamia mwenyewe, maana inanihusu.

Mwenyekiti ameniambia kura ya lile dili ni Jumamosi. Nimeacha karatasi yake kwa katibu, nimeweka alama ya kalamu nyekundu kwenye mistari minne. Isomeni kabla ya kunyoosha mikono.

Haya, maswali. Wewe kaka mwenye fulana ya bluu, umenyoosha mkono muda mrefu. Karibu.