Mtoto Akienda Kusoma Ng'ambo: Homa Isifichwe

Leo tuzungumze juu ya mtoto anayekwenda kusoma ng'ambo na kukaa kwa familia ya wenyeji. Vijana wetu wa Pwani wamekwenda Marekani kwa mwaka mmoja wa sekondari kupitia mipango kama YES, ulioanzishwa mwaka 2002. Wenyeji wao hujitolea, hawalipwi.

Kule mtoto hufuata maisha ya nyumba ile. Asubuhi anakula nafaka kwa maziwa baridi, anangoja basi la shule kwenye baridi, jioni anaosha vyombo zamu yake ikifika. Hayo atayazoea. Tatizo ni haya. Sisi tumemlea kwamba ukiwa kwa watu husemi una njaa, wala husemi unaumwa. Basi anajifunika blanketi na kujibu kwa adabu kwamba hajambo.

Hapo ndipo pana hatari. Mtoto anaweza kupanda ndege pale Changamwe akiwa na vimelea vya malaria mwilini na asijue. Mara nyingi homa hutokea siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, na wakati mwingine hukawia zaidi. Kwa hiyo itamkuta tayari yuko kwa wenyeji. Marekani waliimaliza malaria mwaka 1951, na mama mwenyeji akiona joto na maumivu ya kichwa atafikiri ni mafua. Hata daktari huenda hajawahi kumtibu mgonjwa wa malaria. Mfundishe mwanao aseme mwenyewe, siku hiyo hiyo: nimetoka Mombasa, kwetu kuna malaria, naomba nipimwe damu. Mwandikie kwa Kiingereza kwenye karatasi, aiweke pamoja na kadi ya bima ya afya. Wengine huogopa kuwagharimu wenyeji, kumbe bima ipo kwa ajili hiyo.

Na mzigo wake uupange nyumbani, si pale uwanjani foleni ikisogea. Nimeona vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, havina jina. Dawa ikae kwenye pakiti yake, pamoja na barua ya daktari, kwenye mkoba wa mkononi. Mwenye pumu au selimundu asiondoke bila barua hiyo. Rekodi za chanjo pia aende nazo, kwani shule za kule huziuliza, na asipokuwa nazo anaweza kuchanjwa upya.

Sasa kurudi. Hapa ndipo wengi wetu hujisahau. Mtoto aliyekulia penye malaria hujenga kinga kidogo kidogo. Si kinga kamili, lakini humsaidia. Akikaa mwaka mzima bila kuumwa na mbu hao, kinga ile hupungua. Anashuka pale Airport amenenepa, mnampokea kwa shangwe, usiku analala sebuleni na binamu zake bila chandarua kwa sababu wageni ni wengi. Chandarua chenye dawa kiwe tayari kabla ndege haijatua, na yeye awe wa kwanza kukipata.

Akipata homa wiki ya pili au ya tatu, utasikia watu wakisema ni kubadilisha hewa, au ni jicho. Usimpe Panadol ukangoja kesho. Mpeleke apimwe siku hiyo hiyo, iwe Port Reitz, Likoni au kituo chochote kilicho karibu nawe, na umweleze mhudumu kwamba alikuwa nje mwaka mzima. Kipimo kikionyesha malaria, amalize dawa zote hata akijisikia nafuu siku ya pili. Akianza kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida au kuwa na macho ya manjano, usingoje kupambazuke. Tafuta gari usiku huo huo.