Maiki Moja ya Ukosi Yatutosha



Tangu tuanze kujiandaa kwa jubilei, limekuwepo ombi moja: mchango ununue maiki zisizo na waya, zile ndogo za kubana ukosini, kila mwimbaji na yake. Limetoka kwa watu wanaotupenda, hasa wazee walioimba katika kwaya hii zamani na sasa huketi nyuma. Mvua ya Chwele ikianza kupiga mabati, wao husikia kinanda tu. Kwa hiyo tunawajibu kwa heshima: tununue moja, ya mhubiri.

Maiki ya ukosi imetengenezewa sauti ya mtu mmoja. Hubanwa kifuani, kama shubiri moja chini ya kidevu, na mhubiri hubaki na mikono huru kushika Biblia au mtoto wa kubatizwa. Lakini nyingi kati ya hizo husikia pande zote. Wabandike waimbaji thelathini, na kila maiki itamsikia jirani, itasikia na spika, halafu mluzi uanze. Kwaya huchanganyika hewani, soprano na besi, kabla ya kufika kwenye maiki. Maiki mbili za waya kwenye stendi ndefu mbele yetu zitaichukua ikiwa imekwisha kuchanganyika.

Tena kila seti hurusha sauti kwa mawimbi ya redio na yataka masafa yake. Wengi tunaikumbuka Jumamosi ile ya arusi, spika zetu zilipotoa maombi ya mazishi kutoka boma la ng'ambo ya barabara. Bibi arusi alikuwa ndiyo kwanza anaingia! Seti zote mbili zilikuwa za bei rahisi, za masafa yasiyobadilishwa, na zilikutana.

Za mtumba nazo tuzikague. Marekani ilipiga marufuku maiki za megahezi 698 hadi 806 Juni 2010, kwa sababu masafa hayo yalipewa simu za mkononi na vyombo vya dharura. Namba huandikwa kwenye kisanduku. Isomwe kabla ya pesa kutoka.

Halafu betri. Kisanduku cha kiunoni mara nyingi hula mbili. Waimbaji thelathini ni betri sitini, na sanduku letu la kwaya mnalijua.

Wazee wetu wako mbali na spika, na hilo maiki haiwezi kulitibu. Tunaomba spika moja ifungwe nyuma, karibu na viti vyao. Dari ingesaidia zaidi wakati wa mvua, lakini hiyo ni harambee nyingine.

Bei tulizoulizia Kitale na Bungoma mjini ziko kwa mweka hazina. Anayetaka kuziona amwone baada ya chakula.