Maumivu ya Koo Wakati wa Tiba ya Mionzi ya Saratani ya Mapafu

Umio, mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, uko katikati ya kifua, kati ya mapafu mawili. Mionzi inapoelekezwa kwenye uvimbe wa saratani ulio karibu nao, utando laini wa ndani ya umio huathirika na kuvimba. Dalili huanza kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu ya tiba: kumeza huuma, na mgonjwa huhisi kama chakula kimekwama kifuani. Wanaopata pia dawa za kemotherapi kwa wakati huohuo huumia zaidi.

Vyakula laini na vya uvuguvugu hupunguza maumivu: uji, mtori, viazi vya kuponda, parachichi, mayai na maziwa. Milo midogo ya mara kwa mara hufaa kuliko mlo mmoja mkubwa. Pilipili, ndimu, machungwa, vyakula vikavu, vinywaji vya moto sana, pombe na tumbaku huchubua zaidi. Mgonjwa akae wima anapokula na baada ya kula.

Daktari huweza kutoa dawa ya maji ya kutuliza maumivu kabla ya mlo, dawa za kupunguza asidi ya tumbo, au tiba ya fangasi wakigundulika.

Kushindwa kumeza maji, homa, kutapika damu au kupungua uzito haraka huhitaji hospitali mara moja. Mgonjwa asikatize mionzi bila ushauri wa daktari. Kwa wengi, maumivu hupungua wiki chache baada ya tiba kumalizika.