Baji Anapobanwa na Pumzi: Tuanze na Hewa ya Nyumba



Nimeombwa nizungumzie kasuku mdogo wa Australia, yule ambaye wengi wetu humwita baji, anapobanwa na pumzi. Wafugaji huuliza kwanza wanunue dawa gani. Kwa maoni yangu, katika nyumba zetu za Mombasa, Tanga na Unguja, dawa ni jambo la tatu. La kwanza ni hewa anayovuta ndege, la pili ni punje anazokula.

Tumtazame kwanza akiwa mzima. Baji ana uzito wa gramu 30 hadi 40, na akitulia hupumua mara 65 hadi 85 kwa dakika, mdomo umefumbwa na mkia haujongei. Hana kiwambo kama chetu. Kidari ndicho kinachoinuka na kushuka, kikiingiza hewa kwenye mifuko tisa iliyotawanyika mwilini, na hewa hupita mapafuni ikielekea upande mmoja tu. Ndiyo maana anachokivuta, kiwe kizuri au kibaya, huingia kwenye damu upesi kuliko kwetu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka migodini na kanari hadi mwaka 1986 kwa sababu hiyo hiyo: ndege aliishiwa nguvu kabla mtu hajahisi gesi.

Sasa tuingie nyumbani kwetu. Jiko la mkaa linawaka, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua, na tundu linaning'inia sebuleni karibu na mlango wa jikoni. Jioni chetezo cha udi kinazungushwa vyumbani, usiku inawashwa dawa ya mbu. Mtu hupiga chafya akatoka nje. Ndege yumo tunduni, hana pa kwenda. Tena kuna hatari isiyotangulizwa na moshi wala harufu. Kikaango cha kisasa kisichogandisha chakula kikisahauliwa motoni kikapita nyuzi 280 hivi, utando wake hutoa mvuke unaoweza kuua ndege aliye chumba cha pili kwa dakika chache. Mvuke huo hauna dawa. Mwenye kikaango hicho na baji nyumba moja achague kimoja, na hapa sitaki ubishi.

Chakula nacho kina lawama yake. Wengi humpa baji uwele na mtama mwaka mzima. Punje tupu zina upungufu wa vitamini A, hivyo ngozi laini ya ndani ya pua na koo hukakamaa na vijidudu hupata mlango. Zina upungufu wa madini joto pia, na tezi ya shingo huvimba hadi kukandamiza koo la hewa. Mfugaji husikia kila pumzi ikitoka na mlio mwembamba, husema ni mafua, kisha hukimbilia dawa ya kuku na kuimwaga kwenye maji. Ndege mgonjwa hanywi sana, kwa hiyo hakuna ajuaye amepata kiasi gani, na tezi inabaki pale pale. Mchicha na karoti iliyokwaruzwa kila siku vingesaidia mapema upande wa vitamini A; tezi iliyokwisha kuvimba inataka daktari. Na nusa punje kabla ya kuzimimina: zikinuka uvundo tupa zote, kwani kuvu huota ndani ya mifuko ya hewa na matibabu yake huchukua miezi.

Ndege huficha ugonjwa hadi nguvu zinapomwishia. Ukiona mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, mdomo wazi ilhali hakuna joto wala hajaruka, shingo imenyooshwa, au manyoya ya juu ya pua yameloa, usingoje kesho. Mpeleke penye hewa safi na joto la nyuzi 28 hadi 30, funika tundu pande tatu, punguza mwanga na kelele. Usimshike bila lazima. Ikibidi, vidole vishike kichwa na shingo tu, kidari kiachwe huru, maana ukikibana umemzuia asipumue. Usimnyweshe maji, maziwa wala mafuta kwa bomba la sindano, wala usimpake dawa ya mafua ya binadamu. Kisha safari ya kwa daktari ianze, kwa kuwa jike mwenye yai lililokwama, utitiri kwenye koo la hewa na uvimbe wa tumboni vyote huonyesha dalili hizi hizi.

Ipo pia homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria aitwaye Chlamydia psittaci. Hutufikia sisi kupitia vumbi la kinyesi kikavu na huweza kuleta nimonia. Lowesha kinyesi kabla ya kusafisha tundu, vaa barakoa, na ukipata homa na kikohozi mwambie daktari wako kwamba unafuga ndege.

Madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku. Naomba kila mfugaji aliye ukumbini atafute sasa, ndege akiwa bado mzima, daktari anayekubali kutibu ndege wa tunduni, na namba yake ya simu ibandikwe ukutani karibu na tundu.