Lenzi za Kabatini: Mazungumzo na Kamati za Sharika



Mmetuuliza kwa nini bajeti haina fungu la lenzi mpya, ilhali mlilalamika, tena kwa haki, kwamba picha za miradi hazieleweki. Jibu lilikuwa kabatini. Tulikuta lenzi 3 za kamera za Praktica, zilizotengenezwa Dresden wakati wa Ujerumani Mashariki. Miaka mingi tuliziona kama mapambo tu.

Lenzi hizi hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na hesi zake zina kipenyo cha milimita 42. Adapta ni pete ya chuma: upande mmoja hupokea hesi hizo, upande wa pili huingia kwenye kamera ya dijitali.

Tukiri kosa letu. Tulinunua pete bila kuuliza. Kwenye mradi wa maji, nyuso za akina mama zilitoka safi, lakini kilima na bomba linaloshuka vilionekana kama vimefunikwa na moshi. Lenzi hizi zinatakiwa kukaa milimita 45.46 kutoka mahali picha inapopokelewa. Kamera za Nikon zenye kioo cha ndani zina milimita 46.5. Tofauti hiyo ndogo, milimita 1 tu, inatosha kuizuia lenzi kuona mbali. Zipo pete zenye kilenzi cha kurekebisha, ila nyingi hupunguza ubora wa picha. Kamera zisizo na kioo cha ndani, kama zile za Sony za mfumo wa E zilizoanza mwaka 2010, zina milimita 18. Pete huijaza nafasi inayobaki, na lenzi huona hadi upeo wa macho. Tulipata moja iliyokwisha kutumika. Ilibidi kwanza kuiruhusu, kwenye mipangilio yake, ipige hata isipoitambua lenzi.

Kulenga ni kwa mkono, polepole. Kwa sherehe na watoto wanaokimbia, simu ni afadhali, hatutawadanganya. Lakini sasa tunalazimika kumwomba mtu asimame kidogo, naye hupata nafasi ya kuuliza picha inakwenda wapi. Mama mmoja alituuliza hivyo, tukamweleza, akakataa. Alikuwa ameshapigwa mara nyingi bila kuulizwa. Tulirudisha kamera mkobani, na ndiyo maana taarifa ya kisima chake ina picha ya pampu peke yake. Wafadhili waliouliza sababu, ni hiyo.

Sharika zenye lenzi za namna hii, zileteni kwenye kikao kijacho. Imulikeni kwa tochi kwanza: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, itengeni na nyingine. Kama ina kitufe cha A na M, kiwekeni kwenye M, la sivyo pete ya kupunguza mwanga haitafanya kazi. Na tafadhali, msizifute kwa kanga.