Si Kutu ya Bati: Uharibifu wa Protini katika Uzee na Ugonjwa wa Alzheimer

Tangu mwaka 1956, Denham Harman alipotoa nadharia kwamba uzee huletwa na radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, tumezoea kuuona ubongo wa mzee kama bati lililokaa mvuani: kutu hushika popote. Mfano huo unaeleweka upesi, na ubaya wake ndio huo. Mada hii inadai kwamba katika ugonjwa wa Alzheimer uharibifu huchagua, na kwamba anayepima jumla yake bila kuuliza umeangukia protini gani hatapata la kumfaa tabibu.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yake. Sehemu ndogo ya oksijeni hiyo huponyoka ndani ya mitokondria na kugeuka superoksidi, mojawapo ya radikali hizo. Superoksidi ikikutana na naitriki oksidi, gesi ambayo mishipa na neva huihitaji kwa kazi halali kabisa, huzaliwa peroksinaitriti, nayo hupachika kundi la naitro kwenye tirosini. Hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa seli huwasha na kuzima protini nyingi kwa kubandika fosfati juu ya tirosini hiyo hiyo. Oksidisho la kawaida, kwa upande wake, huacha makundi ya kabonili ambayo seli haina fundi wa kuyang'oa. Protini ya namna hiyo dawa yake ni kusagwa.

Kwamba kabonili huongezeka kadiri umri unavyosonga kulionyeshwa mapema. Kilichobadilisha mjadala ni kazi ya Allan Butterfield na wenzake, Chuo Kikuu cha Kentucky, waliotenganisha protini za ubongo wa marehemu waliougua Alzheimer na kuzitambua moja moja. Mwaka 2002 walitaja kreatini kinasi, glutamini sinthetasi na UCH-L1. Mwaka uliofuata, miongoni mwa zilizopachikwa naitro, wakataja enolasi alfa na triosifosfati isomerasi. Mbili hizi za mwisho ni vimeng'enya vya kuvunja glukosi. Kreatini kinasi hutunza akiba ya nishati, na UCH-L1 inahusika na kusafisha protini zilizochakaa. Basi si ajabu kwamba picha za PET za wagonjwa huonyesha ubongo unaotumia glukosi kidogo.

Mtu atapinga kwamba mbinu hiyo huona protini zilizo nyingi tu, na enolasi ni nyingi mno. Pingamizi hili ni la haki, na protini adimu kweli zimebaki gizani. Lakini alama za uharibifu zililinganishwa na wingi wa protini yenyewe, na pia na zile za ubongo wa watu wasio na ugonjwa. Isitoshe, utendaji wa glutamini sinthetasi na kreatini kinasi ulipopimwa ulikuwa umeshuka.

Pingamizi zito zaidi husema haya yote ni majivu, moto uko kwingine. Hata hivyo protini zilizooksidishwa zimeonekana tayari kwa watu wenye upungufu mdogo wa utambuzi, kabla ya ugonjwa kukomaa, huku serebelamu, isiyoguswa sana na Alzheimer, ikiwa imesalimika kwa kiasi kikubwa. Sidai kwamba amiloidi, protini inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa, haina hatia. Yenyewe huzalisha radikali, na mduara huo haujulikani ulianzia wapi.

Inabaki vitamini E, inayozima radikali huru. Jaribio la mwaka 2005 halikuonyesha kwamba inazuia upungufu mdogo kuwa Alzheimer. La mwaka 2014 lilionyesha inapunguza kasi ya wagonjwa kushindwa shughuli za kila siku. Wengi wamehitimisha kwamba nadharia imekufa. Lakini vitamini E hukaa katika mafuta ya utando wa seli, ilhali enolasi iko katika majimaji ya ndani, na tirosini iliyokwisha kupachikwa naitro haitengenezwi na kidonge hicho. Majaribio hayo yalihesabu waliougua na waliolegea; hayakulenga kupima kama enolasi ya wagonjwa ilipona.