Paka Wako Hafungi Ramadhani

(Mawaidha kwa vijana na familia, Keringet, baada ya swala ya Alasiri)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Maswahaba zake. Ndugu zangu, mama zangu, na wewe msomaji ambaye hukuwako siku ile lakini jarida limekufikia:

Nilipoombwa nizungumze katika mwezi huu mtukufu, wengi walitarajia niseme juu ya nguzo za swaumu au kumi la mwisho. Hayo masheikh wetu watayasema, na wanayajua kuniliko. Mimi nimemchagua kiumbe ambaye yuko karibu kila nyumba ya hapa Keringet na hana wa kumsemea. Paka. Tafadhali msicheke. (Walicheka.)

Tuanze na lile ambalo kila aliyepita madrasa analijua: hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Ibn Umar na ikapokewa katika Bukhari na Muslim. Tunaisoma haraka haraka tukidhani mwanamke yule alikuwa katili wa ajabu. Hebu itazame tena. Hatuambiwi kwamba alimpiga wala kumchoma moto. Alimfungia tu, hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie vijidudu vya ardhini. Yaani alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili hakuyafanya.

Sasa najua utajitetea: "Mimi sijamfungia paka wangu, mlango uko wazi." Ngoja kwanza. Huko Lamu paka wa mjini hushuka pwani wavuvi wanaporudi, akapata kichwa cha samaki kwa huyu na utumbo kwa yule. Sisi huku tuko juu milimani, kwenye baridi na mvua, nyumba zimetawanyika kwenye mashamba ya viazi na majani chai. Paka aliyezaliwa jikoni kwako akitoka nje anakutana na mbwa wa jirani, na panya ambaye tayari amekula sumu ya ghalani. Mlango uko wazi, sawa, lakini wa kwenda wapi?

Na katika Ramadhani hali yake huwa ngumu zaidi bila sisi kujua. Hapa karibu na Ikweta tunafunga kama saa 13 na nusu. Jiko limepoa kutwa nzima. Makombo ya staftahi hakuna, ya mchana hakuna. Hata yule mtoto aliyekuwa akidondosha mkate chini ya meza, naye mwaka huu anajaribu nusu siku. Paka anazunguka miguuni analia, tunamwambia "subiri Magharibi". Ndugu yangu, wewe umenuia, yeye hajanuia! Paka kwa maumbile yake hula kidogo kidogo mara nyingi, usiku na mchana. Mwekee chakula wakati wa daku, mwekee maji safi ya kutwa, na mama aliyefunga akimpa chakula mchana swaumu yake haipungui chochote. Na paka aliyekataa kula kabisa siku mbili, mchukulie kuwa ni mgonjwa, si mwenye deko. Ini lake huharibika upesi akikaa bila kula, hasa kama ni mnene.

Kisha adhana inaadhiniwa na sote tunakuwa wakarimu ghafla. Sambusa moja kwangu, kipande kwa paka. Nia ni njema, lakini sambusa yetu ndani ni nyama na vitunguu, pengine vitunguu vingi kuliko nyama. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kikiwa kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, naye akabaki mnyonge, fizi nyeupe. Pilau na mchuzi ni vivyo hivyo. Mfupa wa kuku uliopikwa nao huvunjika kama vigae na unaweza kumkwama kooni au kumtoboa utumbo. Basi kama unataka kumpa sadaka yake, mtolee nyama kando kabla hujatia viungo.

Na siku za kawaida? Kwetu maziwa si haba, mursik ipo, unga upo, kwa hiyo paka wa Keringet analelewa kwa ugali na maziwa. Anashiba, ndiyo. Lakini paka si mbwa wala si mtu; ni mnyama wa nyama. Kuna kitu kinaitwa taurini ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea cha kutosha, na ugali hauna. Akikikosa kwa muda mrefu macho hufifia na moyo hulegea. Isitoshe, paka wengi wakishakua maziwa mabichi huwaendesha. Huhitaji chakula cha mkebe cha bei ghali. Omena waliochemshwa bila chumvi, mapafu au maini kidogo yaliyopikwa, yai lililoiva, vikichanganywa na huo ugali, paka atapendeza. Wengine husema paka akilishwa hatashika panya. Si kweli. Paka huwinda kwa silika, hata akiwa ameshiba.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nichague mada hii, na hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Dawa ya kupe iko kwenye kila boma, chupa iko juu ya rafu, bomba la kunyunyizia limening'inia ukutani. Viroboto wakizidi kwa paka, mtu anafanya nini? Anachukua ile ile dawa ya ng'ombe, anaipunguza maji kwa kukisia, anamwosha paka. Jioni paka anatetemeka, mate yanamtoka, anaanguka na kurusha miguu, na asubuhi amekufa. Watu wanasema amelishwa sumu na jirani. Nimeona paka wawili wakienda hivyo, na ugomvi wa jirani ukabaki nyuma yao.

Sababu yake inatuhusu sisi watu wa Nakuru kwa karibu sana. Wazee wenu hapa Kuresoi na Molo walilima pareto, lile ua jeupe, na zama hizo Kenya ilikuwa ikiongoza ulimwengu kwa pareto. Ua lile lina sumu ya kuua wadudu ambayo kwa binadamu haina madhara makubwa. Wanasayansi wakaiga, wakatengeneza sumu za viwandani zenye nguvu zaidi na zinazodumu juani. Mojawapo inaitwa permethrini, iliyotengenezwa mwaka 1973 na kundi la Michael Elliott katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza. Ndugu zake wamo katika dawa nyingi za kunyunyizia mifugo na za kuua wadudu nyumbani. Ng'ombe huivumilia, mbwa huivumilia, kwa sababu ini lao huivunja na kuitoa. Ini la paka halina uwezo huo wa kutosha, na anapojilamba manyoya huwa anaimeza tena. Amitrazi, dawa nyingine ya kupe tunayoitumia sana, nayo ni hatari kwake.

Kwa hiyo: dawa ya ng'ombe isimguse paka. Dawa ya viroboto ya mbwa isimguse paka. Ukienda agroveti, mwambie muuzaji akuoneshe kwenye paketi yenyewe palipoandikwa kuwa ni ya paka, na ya uzito gani. Akikwambia "hii ni ya wote, punguza tu", rudisha pesa yako mfukoni. Kama hela hakuna, chukua kitana chenye meno ya karibu, mchane kila siku, viroboto uwazamishe kwenye maji ya sabuni. Lile gunia analolalia lifuliwe kwa maji ya moto, kwani mayai ya viroboto yako huko kuliko yalivyo mwilini. Na kama tayari ameshamwagiwa, mwoshe upesi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu. Huingia kwenye mapafu.

Vivyo hivyo paracetamoli. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua paka. Usimhurumie kwa dawa ya binadamu.

Minyoo nisiirefushe. Ukiona vipande kama punje za mchele chini ya mkia, huyo ni tegu, na humpata kwa kumeza viroboto, hivyo ukitibu kimoja ukaacha kingine umefanya kazi bure. Minyoo mingine kama tambi huambukiza watoto wanaochezea mchanga. Dawa ipo, haina gharama kubwa.

Lakini kichaa cha mbwa lazima tukizungumze, kwa sababu jina lake linatudanganya. Si cha mbwa peke yake. Paka akiumwa na mbwa mgonjwa huupata, na yeye ndiye anayelala kitandani na mwanao. Taifa letu liliweka mpango wa 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu, na mwaka wa mwisho hauko mbali. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, ni nadra mno kupona. Kabla hazijajitokeza, unazuilika. Mtoto akiumwa au akiparurwa na paka asiyejulikana, au na paka wenu aliyebadilika tabia ghafla, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa na mawe ya kunyonya sumu muviache kabisa. Na sindano ukianzishiwa, zimalize zote.

Dada zetu wajawazito wameniuliza kuhusu paka na mimba. Ipo habari ya kweli na ipo ya kutisha bure. Nywele za paka hazimfanyi mtu kuwa tasa. Kilichopo ni kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho hutoka na kinyesi cha paka aliyeambukizwa na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Huchukua siku moja hadi tano. Kwa hiyo kisafishwe kila siku, na asafishe mume au kijana wa nyumba, siyo mama mjamzito. Sukuma wiki ioshwe vizuri, nyama iive, mikono ioshwe baada ya kulima. Nyama isiyoiva huleta ugonjwa huu pia, lakini wa kulaumiwa daima ni paka!

Kuhusu twahara, wengi mwakumbuka habari ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na mkwewe Kabsha akashangaa. Akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Basi maji aliyoyanywa ni safi. Ila mkojo na kinyesi chake ni najisi, mkeka ukilowa uoshwe. Na ukimwona ametoka kumla panya, damu ingali mdomoni, akatia mdomo kwenye maji machache, hayo yamwage; masheikh wa Shafii wamelifafanua vizuri. Kile kisa cha Mtume kukata mkono wa kanzu asimwamshe paka aitwaye Muezza hakimo katika vitabu vya hadithi tunavyovitegemea, kwa hivyo mimi sikihadithii. Tunayo ya kutosha yaliyo sahihi.

Limebaki la vitoto. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, hubeba wiki tisa, na kwa mwaka aweza kuzaa mara mbili au tatu. Nyumba hujaa. Halafu tunajua kinachofuata, hata kama hatukisemi: gunia, na safari ya usiku hadi ukingoni mwa msitu wa Mau au nyuma ya soko. Vitoto havijafungua macho. Baridi ya huku huvimaliza kabla ya Alfajiri. Mwenye kufanya hivyo ndiye aliyechagua yale mawili ya mwanamke yule kwa mpigo mmoja. Kuhasi paka wanavyuoni wamekhitilafiana. Wako waliochukia, na wengi wa zama hizi wameruhusu pakiwa na maslahi na asiteswe. Muulizeni sheikh wenu, na operesheni ifanywe na daktari, siyo na fundi wa kuhasi mafahali.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, na daktari anayekuja kupandisha ng'ombe wenu anaweza kumchanja paka. Hatumwombi tu. Chanjo ya kichaa hupewa paka akitimiza miezi 3, hurudiwa kila mwaka, na mara nyingi huja kwenye chupa ya dozi nyingi ambayo lazima ikae kwenye baridi. Akiifungua kwa ajili ya paka mmoja ni hasara. Wakiwa kumi, gharama inagawanyika. Kwa hiyo leo kabla ya futari, kila nyumba iandike kwenye ile daftari pale mlangoni ina paka wangapi, wakubwa na wadogo. Baada ya Idi vijana watazungumza na daktari, siku itangazwe Ijumaa. Siku hiyo mlete paka ndani ya katoni lililotobolewa matundu au kikapu chenye kifuniko, msimbebe mikononi kupita kwenye mbwa. Na asiyekuwa na paka lakini ana mbwa, aandike vilevile.